Nani Ameua Redio ya Klabu?

Kila Ijumaa masomo yalipokwisha, Nabwire alibaki shuleni kwa ajili ya klabu ya sayansi. Wenzake wakikimbilia uwanjani, yeye alifagia maabara na kuweka kompyuta mezani. Antena waliyoiunda kwa vipande vya bomba ilikuwa tayari juu ya paa. Kilichobaki kilikuwa kuunganisha redio na kompyuta.

Haikuwa redio ya kusikilizia habari. Ilikuwa kisanduku kidogo kisicho na spika wala kitufe. Kazi yake ni kunasa mawimbi, kisha kompyuta huyageuza yakawa sauti au picha. Siku hiyo, kabla ya jua kutua, setilaiti ya hali ya hewa ingepita juu ya Kisumu. Wakiikosa picha yake, hawangekuwa na chochote cha kupeleka kwenye mashindano Jumatatu.

Nabwire alichomeka waya. Taa ya redio ikawaka, lakini kompyuta ikaandika kwamba haioni kifaa chochote. Akachomoa, akachomeka tena. Wapi! Damu ikamchemka.

"Huzaifa!" alifoka. "Si ni wewe uliitumia mwisho? Umeiua!"

Huzaifa, mwanaklabu mwenzake, ndiyo kwanza alikuwa anaingia. "Mimi? Wallahi Jumatano niliiacha ikifanya kazi. Hata Mercyline wa klabu yetu alikuwa hapa."

"Wacha uongo! Wewe hupenda kufungua-fungua vitu. Hata saa ya ukutani uliifungua!"

"Na nikaitengeneza," Huzaifa alijibu kwa uchungu.

Nabwire hakutaka kusikia. Mwalimu Seline, mlezi wa klabu, alipotokea mlangoni na wanaklabu wengine, alimkimbilia. "Mwalimu, mtoe kwenye timu! Tutaendaje mashindano na mtu wa kutuharibia?"

"Redio bado haijapimwa na mtu ameshahukumiwa?" Mwalimu aliuliza. "Haya, pimeni kwanza."

Huzaifa alihamishia waya kwenye tundu lingine la USB. Kimya. Akaizima kompyuta na kuiwasha upya. Kimya. Akajaribu kompyuta ya Mwalimu, nayo haikuona kitu.

"Si mnaona?" Nabwire alisema. "Imekufa!"

"Taa inawaka, kwa hiyo umeme unafika," Mwalimu alisema. "Labda data ndiyo haipiti. Tangu Jumatano, ni kitu gani kimebadilika?"

Nabwire alifungua mdomo amtaje Huzaifa tena, lakini macho yakatua kwenye waya. Ulikuwa mweupe, mwembamba. Waya wa klabu ulikuwa mweusi, mnene. Jana yake aliuchukua bila ruhusa akachaji simu ya mama. Asubuhi, kwa haraka, alirudisha waya wa taa yao ya sola. Vichwa vilifanana, naye akajiambia kwamba waya ni waya tu.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza. Lakini Huzaifa alikuwa amepiga magoti kando ya meza, akiipangusa vumbi redio aliyoshtakiwa kuiua. Hasira zote za Nabwire zikamgeukia mwenyewe.

"Ni mimi," alinong'ona. "Nilibadilisha waya."

"Ulipomlaumu mwenzako tulikusikia hadi nje," Mwalimu alisema. "Sasa mbona unanong'ona?"

Nabwire alisimama wima. "Ni mimi niliyebadilisha waya!" alisema kwa sauti. "Huzaifa hana kosa. Nisamehe, Huzaifa."

"Ulitaka nifukuzwe!" Huzaifa alisema kwa hasira, na hasira hiyo alikuwa na haki nayo.

Kwa kuwa kwao, mtaani Manyatta, hapakuwa mbali, Nabwire alitoka mbio, akarudi akihema na waya mweusi mkononi. Huzaifa aliuchomeka. Jina la redio likatokea papo hapo. Setilaiti ilipopita, picha ilianza kushuka mstari kwa mstari: mawingu, kisha weusi wa ziwa. Wanaklabu wote wakapiga makofi.

"Waya wa taa ya sola hupitisha umeme tu, haupitishi data," Mwalimu alieleza. "Lakini somo la leo si la nyaya. Kompyuta ilisema tu kwamba haioni kifaa. Haikutaja jina la mtu. Jina uliliongeza mwenyewe, Nabwire. Kitu kikigoma, kipimeni kabla ya kumshtaki mtu. Na ukigundua kosa ni lako, likiri kwa sauti ile ile uliyomlaumia mwenzako."

Huzaifa alisogea kwenye benchi, akamwachia Nabwire nafasi mbele ya picha.