Bunduki ya Siku ya Posa

Muatasim hakuwa na mama, hakuwa na kaka wala dada, hakuwa na shahada ya chuo kikuu, hakuwa na nyumba ya kuona bahari, na jioni ile ya Alhamisi hakuwa hata na gari, kwani lilikuwa gereji Darsait, limetolewa injini. Subira ya ulimi pia hakuwa nayo. Lililomjia moyoni lilitoka. Alichokuwa nacho ni baba mzee, Saeed, apendaye samaki wa nazi, na bunduki moja ya babu yake.

Samaki huyo ndiye aliyempeleka Ruwi, mtaa wa maduka huko Oman, kwenye duka linalouza mihogo, ndizi mbichi na vyombo vya jikoni vya Waswahili wa pwani. Watu walijaa mpaka mlangoni. Juu ya rafu ilibaki mbuzi moja tu ya kukunia nazi. Muatasim akaishika. Mkono wenye hina ukaishika upande wa pili.

“Mwanamme na mbuzi, wapi na wapi?” akauliza mwenye mkono.

“Baba yangu hali tui la kopo.”

“Na mkeo anafanya kazi gani?”

“Sina mke.”

“Basi mwambie mzee avumilie.”

“Mwambie wewe. Mimi atanipiga.”

Msichana akacheka, na shela ikamteleza begani. Alivaa abaya ya rangi ya kahawa, na nguo zake zilinukia udi wa nyumbani, si wa dukani. Jina lake Kheiria. Alikuwa mwalimu wa skuli, na watu wake walitoka Unguja. Muatasim akaiachia mbuzi. Kheiria akailipia, akampa nambari ya simu.

“Ukitaka kuazima, piga. Lakini usiku hatuazimani vyombo.”

Katika simu yake Muatasim alimwandika Mwizi wa Mbuzi.

Aliazima Ijumaa ile, na Ijumaa nyingine, mpaka mbuzi ikawa inakaa Al Amerat, kwa akina Muatasim, kuliko Darsait, kwa akina Kheiria.

“Umekula, habibi?” Kheiria alikuwa akimuuliza kila mchana.

“Nimekula samaki.”

“Wa nazi?”

“Wa kopo.”

“Maskini roho yangu. Njoo uoe basi.”

Muatasim akamwambia baba yake. Mzee Saeed alifurahi mpaka akaomba dishdasha yake nyeupe ipigwe pasi upya. Ukoo wao ulirudi kutoka Tabora, lakini asili yao ni milimani, Oman ya ndani, na huko mwanamme akienda kwenye jambo kubwa huenda na bunduki begani. Akifika humkabidhi mwenye nyumba kwa mikono miwili, naye huitundika ukutani. Maana yake: silaha yangu iko mkononi mwako, nimekuamini. Hakuna heshima iliyoizidi. Bunduki ile ilikuwa na leseni ya polisi, haikuwa na risasi, na kitako chake kilipakwa mafuta mpaka kikang’aa. Baba na mwana hawakufikiri mara mbili.

Kheiria naye hakujua kwamba watakuja nayo. Nani angemwambia? Mwanamme hamsimulii mchumba vipi atabisha hodi.

Nyumba ya Darsait ilifukizwa ubani. Bi Mastura, bibi yake Kheiria, alikuwa ukumbini, amevaa kanga mpya, akipanga vikombe vya kahawa. Mlango ukafunguliwa, akamwona kijana asiyemjua amesimama kizingitini na bunduki.

Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, na vikombe vikamfuata.

Wanawake wakamwingiza chumbani. Yaqoob, baba yake Kheiria, aliwakaribisha wageni barazani kwa sababu adabu ilimlazimisha, lakini bunduki hakuipokea.

“Sisi hatuingizi kitu hicho nyumbani,” alisema. “Baba yangu walimjia nacho Unguja, mwaka sitini na nne. Mimi nilikuwa tumboni.”

“Tusamehe, Ammi,” alisema Muatasim. “Kwetu ni heshima.”

“Kwetu ni msiba.”

Hapo mzee Saeed alimgusa mwanawe goti, maana alimjua. Alichelewa.

“Ammi, na yeye marehemu lau angekuwa na yake siku ile, pengine ungemjua sura.”

“Alikuwa nayo!” Yaqoob akasimama. “Iliibiwa wiki chache kabla. Ndiyo maana wakamkuta mikono mitupu. Nendeni zenu, kwa heri.”

Nyuma ya pazia la chumbani mtu alianza kulia, kilio chembamba cha mtu mzima sana.

Kheiria alipiga simu kesho yake.

“Umesema kweli au uongo, mimi sijui. Najua bibi yangu hali chakula.”

“Nilitaka kumtetea babu yako.”

“Nani kakuomba umtetee? Ulikuja kuniposa mimi.”

Kheiria akakata simu.

Siku chache baadaye akapigiwa na nambari ya nyumba ile. Ilikuwa asubuhi, Yaqoob yuko kazini, Kheiria yuko skuli. “Njoo,” ilisema sauti ya Bi Mastura. “Njoo mikono mitupu.”

Alimkuta kitandani, tasbihi mkononi, uso umepungua.

“Kaa, mwanangu. Nnataka kukwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Wakati ule siasa ilituharibu. Mtu wa chama hiki hanunui duka la mtu wa chama kile. Harusi hatwendani, maiti hatuzikani. Watoto waliosoma chuo kimoja wakageuziana uso. Basi akaja bwana mmoja wa mtaani, mkubwa katika chama chetu, kanzu yake nyeupe, maneno yake matamu. Akasema bunduki za majumbani zinakitia chama aibu. Serikali yetu, polisi wetu, mwenye imani atoe yake. Mume wangu akamwambia, chama si ndugu, hakitalala mlangoni kwangu. Akakataa.”

“Ikaibiwa?”

“Haikuibiwa. Mume wangu alikwenda shamba, nikaifunga kwenye kanga nikaipeleka mimi. Nilitaka tuonekane watu wema. Aliporudi nikasema wezi. Yule bwana wa kanzu nyeupe, usiku walipokuja kumuua mume wangu, hatukumwona hata kivuli chake.”

Muatasim aliinamisha kichwa. “Nisamehe, bibi. Sikujua ninamwambia nani.”

“Ulisema kweli. Kosa lako ni kuisema kwenye nyumba ya watu na kahawa hujanywa.” Alitabasamu kidogo, kisha akamshika mkono. “Yaqoob atataka uitoe ile bunduki ndiyo akupe mtoto. Usiitoe. Mimi nilitoa ya mume wangu ili nipendwe na watu. Niapie.”

“Naapa, bibi.”

“Na Yaqoob asijue. Amelelewa na mimi peke yangu, hana mwengine wa kumpenda. Nitazungumza naye mimi, nitapata njia.”

Hakuipata. Alfajiri ya Jumatatu Bi Mastura aliamka kutia udhu, akalalia mkeka, hakuinuka. Muatasim alisimama safu ya mwisho kwenye sala ya maiti. Alimwona Yaqoob akilia kama mtoto aliyepotea sokoni, akajua kwamba kinywa chake kimefungwa.

Matanga yalipokwisha, Kheiria alipiga. Sauti yake ilikuwa imechoka lakini laini.

“Baba amelegea. Anasema peleka bunduki polisi, waichukue moja kwa moja, kisha njooni mara ya pili. Ni chuma tu, Muatasim.”

“Siwezi.”

“Mpe basi mtu wa ukoo wenu, mpe kaka.”

“Sina kaka, Kheiria.”

“Kwa hiyo mimi ndiye niwe sina mume?”

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwa Muatasim neno kumjia moyoni akalimeza.

“Zungumza, habibi. Wewe uliyezoea kusema. Nipe sababu moja nimpelekee baba.”

“Nikikupa, utaniamini?”

“La. Kwa simu utanichekesha, nisahau kilio. Niandikie. Niletee karatasi yenye jina lako chini, nijue ndiyo basi au siyo basi.”

Aliandika mezani kwa baba yake, mchana, bunduki ikiwa ukutani mahali pake. Karatasi ya kwanza alieleza yote: kanga, kanzu nyeupe, kiapo. Ilikuwa barua nzuri, na kwa barua ile angeoa. Aliisoma, akamfikiria Yaqoob akiisoma, akaichoma jikoni juu ya moto wa kahawa.

Mzee Saeed alinusa moshi. “Umeandika nini?”

“Ukweli, baba.”

“Na sasa?”

“Sasa naandika barua.”

Ya pili ilikuwa fupi.

Kheiria. Siwezi kuitoa, na sababu siwezi kuisema. Si kwamba chuma nimekipenda kuliko wewe. Bibi yako hakufa na kinyongo nami. Hilo tu naomba uniamini. Usinisubiri. Mbuzi nakurudishia. Muatasim.

Alipanda gari akavuka mlima mpaka Ruwi. Mbuzi aliiacha kwa mwenye duka la mihogo, amkabidhi mwalimu akipita. Posta ilikuwa na watu wengi. Muatasim alilamba gundi ya bahasha, akaibonyeza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akaandika sanduku la posta la skuli. Karani akapiga muhuri bila ya kuinua macho, akaitupa ndani ya mfuko pamoja na nyingine.