Kioo Kilichofutwa Vumbi

Kila asubuhi kabla ya shule, Ingabire alichota maji, akafagia uwanja, kisha akapitia zahanati ya kijiji kutazama vioo viwili. Vilisimama nyuma ya zahanati, kando ya barabara ya vumbi ipitwayo na malori ya kahawa yaendayo Kihanga.

Viliwekwa na Benitha, mtafiti kutoka chuo kikuu. Kimoja kilikuwa kitupu. Kingine kilipakwa utando mwembamba kuliko unywele, usioonekana kwa macho.

"Tando za namna hii hupakwa kwenye miwani na simu," Benitha aliwaeleza wanakijiji. "Huu tumeutengeneza ili vumbi lisigande. Ukifaulu, tutafunga hapa zahanati sola zilizopakwa utando huu. Msiviguse mpaka nirudi."

Ingabire aliomba kila siku utando ufaulu. Mwaka uliopita mama yake, Gloriose, alijifungua gizani hapo zahanati, na mtoto hakuishi. Sasa alikuwa mjamzito tena, na siku zake zilikaribia.

Lakini kiangazi kilipokolea, vioo vyote viwili viligeuka vyekundu kwa vumbi, sawasawa. Ingabire alilia. Siku ya Benitha kurudi, aliwahi peke yake, akalowesha kitambaa, akakifuta kile chenye utando mpaka kikang'aa.

Benitha alipokiona alipiga vigelegele. "Daktari Rwegoshora, tazama! Hutalazimika kupanda paa kuosha sola!"

"Magoti yangu yanashukuru," daktari wa zahanati alicheka.

Ingabire akaitazama barabara ya vumbi. Sola zisizooshwa, na vumbi lote hili! Zitafunikwa, taa zizimike mama akiwa kitandani. "Ee Mungu, nimefanya nini?" alinong'ona. Kisha akasogea.

"Shikamoo, dada Benitha. Kile kioo... nimekifuta mimi."

"Umekifuta? Lini?"

"Leo asubuhi. Vyote vilikuwa na vumbi. Niliogopa mtatunyima taa. Mama yangu..."

Benitha aliketi kwenye nyasi, akavitazama vioo viwili.

"Basi utando wangu haufai," alisema. "Nitaanza upya."

"Na taa?" Ingabire aliuliza huku akilia.

"Sisi tuliomba taa, hatukuomba utando," Rwegoshora alisema taratibu. "Tufungieni sola za kawaida. Kuosha tutaosha wenyewe."

Benitha alifikiri, kisha akakubali. Sola zilifungwa kabla siku za Gloriose hazijatimia. Akajifungua mtoto wa kiume, taa zikiwaka.

Benitha alipokuja kuaga, alimshika Ingabire mkono.

"Mdogo wangu, ungenyamaza, mimi ningeondoka na sifa, na mama yako angebaki na giza. Usijaribu kuusaidia ukweli. Useme kama ulivyo, hata ukiumiza. Hapo ndipo watu hujua la kufanya."