Koti la Kapteni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alikuwa na kazi moja: kuokota misumari. Baba yake alikuwa fundi makochi, na karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba yao hiyo hiyo. Misumari iliyomponyoka mchana ililala sakafuni ikisubiri nyayo za watu. Redio alifunga sumaku ya spika mbovu kwenye kamba, akaiburuta huku na huko kama mtu anayetembeza mbwa, na misumari ikaifuata yenyewe.

Jina lake halisi lilikuwa jingine, ila hata walimu walikuwa wamelisahau. Aliitwa Redio kwa sababu akishaanza kusema, hakuna aliyejua pa kumzimia.

Babu yake alipofariki, vitu vyake viligawanywa. Baba mkubwa, ambaye alikuwa mlinzi wa ghala, alichukua baiskeli. Shangazi, mshona nguo, alichukua kabati. Baba yake Redio alichelewa kufika kikaoni kwa sababu ya kochi la mteja, akakuta kimebaki sanduku la bati lililojaa picha za zamani, za wakati wa vita.

"Picha haziliwi, mdogo wangu," baba mkubwa alimpoza, "lakini angalau hazipati pancha."

Sanduku lilipofunguliwa nyumbani, picha ya kwanza ilimwonyesha babu akiwa kijana. Alivaa koti la kijeshi lenye vifungo vya kung'aa na nishani kifuani, kidevu juu, kama mtu anayenusa kitu kilichoungua. Redio na baba yake walitazamana. Uhai wake wote, mzee akiulizwa habari za vita alisema, "Nilikuwepo," kisha akabadilisha mazungumzo.

"Huyu alikuwa mkubwa," baba alinong'ona. "Koti kama hili hapewi mtu hivi hivi."

Chai ilipokwisha, babu alikuwa ameshapandishwa cheo na kuwa kapteni. Kesho yake Redio alitangaza darasani.

"Babu yangu alikuwa kapteni! Alikamata kifaru peke yake!"

"Kifaru wa porini au cha chuma?" aliuliza Mbishi, mvulana wa dawati la nyuma ambaye hakuwahi kukubali jambo lolote mara ya kwanza.

"Cha chuma!"

"Akakipeleka wapi?"

"Akakirudisha kambini. Akakiegesha."

Darasa zima liliguna kwa mshangao. Mwalimu wa historia alifurahi mno, akampelekea mwalimu mkuu habari. Ikapitishwa kwamba siku ya wazazi picha za kapteni zitundikwe ukumbini, na Redio asimame aeleze maisha yake mbele ya watu wote. Redio alirudi nyumbani kichwa kimevimba, karibu kisipite mlangoni.

Habari ilipomfikia baba mkubwa, alikuja mbio na sare yake ya ulinzi, imepigwa pasi mpaka inakata.

"Picha za kapteni hukaa kwa mtoto wa kwanza," alisema kabla hata ya salamu.

"Kaka, si juzi ulisema haziliwi?"

"Juzi hakuwa kapteni!"

Shangazi naye aliingia na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa. "Hamna haja ya kugombana. Nyingi hapa ni za makundi. Tunamkata baba peke yake, kila mmoja anapata wake wa kutia kwenye fremu. Hawa wengine ni nani kwetu? Tunatupa."

Picha zilimwagwa kwenye meza ya kukatia vitambaa vya makochi. Pembeni, bibi alikuwa ameketi akichambua maharage, miwani imemshuka puani. Redio alipewa kazi ya kumtafuta babu katika kila picha ili shangazi apitishe mkasi. Alishika moja, akashika ya pili na ya tatu, kisha akaziweka zote karibu na dirisha.

"Baba, njoo uone. Kifungo cha pili kutoka juu hakipo."

"Kifungo cha nani?"

"Cha babu. Lakini na huyu mnene, kwenye picha hii nyingine, hana kifungo hicho hicho. Na huyu mrefu pia. Na angalia nishani, zimepinda vilevile kwa wote."

Baba alichukua picha. Shangazi akaweka mkasi chini. Wote wakainamisha vichwa mpaka vikagongana. Ni kweli. Mwanamume mnene alikuwa amevaa koti lisilofunga tumboni. Mwembamba alikuwa amepotelea ndani yake kama mtoto ndani ya gunia. Mrefu, mikono ya koti ilimwishia karibu na viwiko. Watu walikuwa wengi, koti lilikuwa moja.

Kutoka pembeni kulisikika mlio kama wa birika linalochemka. Ni bibi. Alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Mama, kuna nini?" baba mkubwa aliuliza.

"Hilo koti ni la mpiga picha!" bibi alisema akijifuta machozi. "Alikaa nje ya kambi na koti lake msumarini. Kila kijana aliyetaka kupeleka picha kwao alilivaa, akapigwa, akalivua, akampa mwenzake. Mimi mwenyewe nililetewa posa na picha hiyo hiyo. Nikajisemea, haya, nimepata mkubwa wa jeshi. Alipokuja, kashika sufuria."

"Sufuria?"

"Alikuwa mpishi. Si huyo hapo?"

Alionyesha picha ambayo shangazi alikuwa ameikunja na kuisukumia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Baba aliivuta, akaifuta vumbi. Kijana mwenye masizi usoni na aproni chafu alisimama mbele ya sufuria kubwa kuliko yeye, mwiko mkononi, na askari wamepanga mstari na sahani za bati. Alikuwa anacheka. Alikuwa babu, bila shaka yoyote.

Shangazi aliona haya, akaanza kuinyoosha kwa kiganja.

"Kwa hiyo alikudanganya, bibi?" Redio aliuliza.

"Picha ilinidanganya. Yeye alinieleza siku ile ile ya kwanza, kabla hajakaa kitini. Alisema, 'Koti si langu, mimi napika.' Ningemwacha vipi mtu wa namna hiyo?"

"Mbona sisi hakutuambia?"

"Nyinyi mlikuwa mkimwuliza aliua wangapi. Nani alimwuliza alilisha wangapi? Na mimi, mliposema kapteni, nilidhani mnatania."

Baba mkubwa alitembea mpaka mlangoni, akarudi. "Jamani, tunyamaze. Jambo hili liishie hapa. Shule imeshajiandaa, mimi nimeshawaambia wenzangu kazini. Koti lipo, picha ipo, nani atajua?"

Kila mtu alimtazama Redio. Alimwona Mbishi akilini, akicheka mpaka anashika mbavu. Akatazama tena yule kijana mwenye masizi.

"Mdomo ni wako," baba alimwambia. "Amua mwenyewe."

Kesho yake asubuhi alimfuata mwalimu wa historia kabla ya kengele, akamweleza yote. Mwalimu alivua miwani.

"Na kifaru?"

"Hicho nilikitunga mimi, mwalimu."

Mwalimu alivaa miwani tena. "Picha zitatundikwa kama tulivyopanga. Na utasimama kama tulivyopanga. Ila utasema haya uliyoniambia."

Siku ya wazazi, picha zilitundikwa zote, nzima, bila kukatwa hata moja. Redio alisimama mbele ya ukumbi.

"Niliwaambia babu yangu alikuwa kapteni. Si kweli. Alikuwa mpishi. Hili koti wote waliliazima."

"Nilijua!" Mbishi alipaza sauti. "Kifaru nacho kiliazimwa?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Masikio ya Redio yaliwaka moto, lakini hakushuka. Alisubiri kelele zipungue, akaeleza habari za mpiga picha, za koti na za ile sufuria. Wazazi wakaanza kusogea kutazama. Walikuwa wanacheka bado, ila sasa walicheka pamoja naye.

Ghafla mzazi mmoja, fundi wa saa, alisimama mbele ya picha ya yule mnene asiyefunga koti. Hakuwa anacheka.

"Huyu ni baba yangu," alisema. "Nyumba yetu iliungua nikiwa mdogo. Hatukubaki na picha yake hata moja."

Bibi alisaidiwa kuinuka, akasogea karibu. "Wewe ndiwe mtoto wa Bonge? Alikuwa akija kwetu. Yeye na mume wangu walikuwa jiko moja."

"Jiko?" Fundi wa saa alishtuka. "Sisi nyumbani tunamwita Kanali!"

"Alikuwa anamenya viazi, mwanangu. Lakini alimenya vizuri."

Mtu mzima yule alicheka huku machozi yakimtoka, akaomba kushika picha. Shangazi alitazama sakafuni. Alijua mkasi wake ungeipeleka wapi. Baba alimwahidi fundi wa saa nakala, kisha yeye na ndugu zake wakakubaliana hapo hapo kwamba picha zote zibaki pamoja, sandukuni kwake, na yeyote atakayemwona mtu wake aje achukue nakala.

Walipokuwa wakizishusha ukutani, baba alimwinamia Redio.

"Sikiliza. Ungenyamaza, yule bwana angeona kapteni wa uongo, akapiga makofi, akaenda zake. Umesema kweli ukachekwa kidogo, na mtu kampata baba yake. Aibu imepita, picha anaipata. Uongo ungekutaka uulinde kila siku. Siku nyingine mdomo ukikuwasha, kumbuka hilo. Na usisubiri mtu afe ndipo uulize alikuwa nani."

"Ndiyo, baba."

Nyuma yao, baba mkubwa alikuwa ameshakusanya wazazi wachache mbele ya picha ya sufuria, kifua mbele.

"Huyu ni mzee wangu. Alilisha vikosi vinne kwa sufuria moja!"

"Kimoja," bibi alisema bila kugeuka. "Na maharage yaliungua."