Ruksa Avaa Ndoo

Kila asubuhi Mzee Alute alipofungua zizi la mbuzi, Ruksa alitangulia mbele. Ruksa alikuwa mbwa wake, dume la rangi ya kahawia. Alipewa jina hilo kwa sababu miaka ile, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, kila mtu alisema ruksa. Ruksa kufungua duka, ruksa kuuza alizeti popote. Na mbwa huyu tangu mdogo aliona kila kitu ni ruksa kwake. Alikunywa maji ya kuku. Alilalia gunia la mtama. Alifukuza kila baiskeli iliyopita pale kijijini Mtinko.

"Huyu mbwa hana adabu kabisa," Mzee Alute alikuwa akisema. Lakini kila jioni alimwachia tonge kubwa la ugali, mkewe Elina asione.

Siku moja ya mnada, Laurian mchuuzi wa kuku alipita na baiskeli yake. Nyuma alikuwa amefunga matenga mawili yaliyojaa kuku. Ruksa akatoka mbio, akarukia gurudumu. Puu! Baiskeli chini, matenga chini, kuku wakatawanyika hadi kwenye shamba la viazi. Laurian aliinuka akajikung'uta vumbi. Ruksa hakuinuka. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umeingia kwenye spoki za gurudumu. Ngozi ya paja ilichanika, damu ikawa inamwagika.

Mzee Alute alipiga magoti amshike. Ruksa akageuka ghafla, meno nje. Kidogo tu amng'ate.

"Mimi? Mimi ninayekulisha?" Mzee Alute alisema. Aliumia moyoni.

"Mmalize tu, mzee," Laurian alisema. "Huyo haponi."

"Nani kakuambia haponi?" Mzee Alute alifoka. "Elina! Lete ile oili chafu ya mashine. Na betri ya redio, niipasue nimpake ule unga mweusi!"

Elina alitoka ndani mikono mitupu. "Baba Rahel, yule dume wa ng'ombe ulimpaka oili hiyohiyo. Kidonda kikaoza mpaka tukamchinja. Mimi naenda kumwita Cecilia."

Cecilia alikuwa bibi mifugo wa serikali. Alipopunguzwa kazini, alifungua duka la dawa za mifugo karibu na mnada.

"Mtoto wa juzi aje kunifundisha mimi mifugo?" Mzee Alute alilalamika. Lakini Elina alikuwa amekwisha ondoka.

Cecilia alifika haraka na mkoba wake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mzee Alute alijibu bila kumtazama.

Cecilia alichana kitambaa kirefu, akamfunga Ruksa mdomo taratibu. "Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda," alisema. "Si kwamba anakuchukia, mzee. Anaumia. Tukimaliza tutamfungua mara moja, maana anahitaji kuhema. Na kama angekuwa anatapika, nisingemfunga mdomo."

Mzee Alute alisikia nafuu. Kumbe hachukiwi.

"Sasa bonyeza hapa kwa kitambaa safi. Usifunuefunue."

Alibonyeza mpaka damu ikakatika. Cecilia akapapasa mguu. "Mfupa ni mzima. Ungevunjika, tungempeleka kwa daktari wa mifugo mjini." Elina alileta maji yaliyochemka yakapoa, yenye chumvi kidogo. Cecilia akaosha kidonda mpaka mchanga wote ukatoka, akamchoma Ruksa sindano, akafunga mguu.

"Na oili?" Mzee Alute aliuliza kwa sauti ndogo.

"Oili inaunguza nyama, mzee. Unga wa betri ni sumu, na mbwa ataulamba."

"Nimpe kidonge chetu cha kichwa?" Elina aliuliza.

"Hapana, mama! Vidonge vyetu vinaweza kumuua mbwa."

Kesho yake Ruksa aliguguna kitambaa akakitoa, akaanza kulamba kidonda. Cecilia alisema ni lazima azuiwe. Mzee Alute alizunguka nyumba, akachukua ndoo ya plastiki, akakata kitako, akamvalisha Ruksa shingoni, akaifunga kwa kamba.

"Ndoo yangu mpya!" Elina alipiga kelele.

Ruksa aligonga mlango. Aligonga mtungi. Akabweka, sauti yake ikavuma ndani ya ndoo, akajishtukia mwenyewe. Majirani walikuja kucheka. Laurian alicheka mpaka akakaa chini.

Mzee Alute hakujali. Alimfunga Ruksa kivulini asikimbie. Alimpa uji wa mtama wenye dagaa. Kila siku alinawa mikono kwa sabuni, akaosha kidonda, akabadilisha kitambaa, akanawa tena.

Siku ya nne alikuta vidole vya mguu wa Ruksa vimevimba, tena ni vya baridi. Hakumtuma mtu. Alikwenda dukani mwenyewe, nusu anakimbia.

"Mwanangu Cecilia, njoo! Mguu unakufa!"

Cecilia alifungua kitambaa. "Ulikaza mno, mzee. Damu haipiti. Kidole chako lazima kiweze kupita chini ya kitambaa." Mpaka jioni uvimbe ulikuwa umepungua, na Mzee Alute akaweza kula.

Baada ya wiki tatu kidonda kilikuwa kimefunga. Cecilia alimchanja Ruksa chanjo ya kichaa cha mbwa. "Kila mwaka umlete," alisema. "Na mbwa akimng'ata mtu, kidonda kioshwe hapohapo kwa sabuni na maji mengi, kwa robo saa. Kisha zahanati, bila kuchelewa."

Ruksa alibaki akichechemea kidogo, lakini mbuzi walipotoka alikuwa mbele yao.

Asubuhi moja jirani yao Yohana alikuja mbio, amembeba mbwa wake aliyekatwa na jembe. Mkononi ameshika kopo la oili chafu.

"Mzee, nisaidie kumshika nimpake!"

Mzee Alute alimnyang'anya kopo, akaliweka mbali. Akakunja mikono ya shati.

"Elina," aliita, "bandika maji ya moto! Na wewe, Yohana, kamwite binti yangu Cecilia. Mwambie nimekwisha anza kubonyeza."