Wanyama Waliokatwa kwa Mkasi

Volvo nyeusi ilikata kona ya gati la Antwerpen, ikaparuza ukuta, ikanyooka.

Lieve Daneels, jasusi wa serikali, hakupunguza mwendo. Lori la kome lilikuwa mita hamsini mbele yake. Meli iliyolisubiri lori hilo ingeng'oa nanga saa sita mchana.

Sasa ilikuwa saa sita kasoro robo.

Redio ilikoroma. Mkuu wake, Ghislain.

"Uko wapi?"

"Mgongoni mwa lori lake, mkuu."

"Kitabu kikipanda meli, basi tena."

Kitabu chenyewe kilikuwa na miaka zaidi ya mia nne: kereng'ende, kasa, nyani, simba, wote wamechorwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama. Kiliibwa monasterini wiki iliyopita. Mtawa mzee aliyekitunza alipigwa nondo, na hadi leo hajazinduka.

Lori lilifunga breki. Joost Wuyts, mchuuzi wa vitu vya kale, akaruka chini na begi, akaingia ghalani.

Lieve akamfuata, Glock mkononi.

Uvundo wa kome ulimpiga usoni. Mezani kulikuwa na mkasi. Chini, ndoo ya maganda.

Ndani ya ndoo, kurasa.

Zilikuwa na matundu. Kila mnyama alikatwa peke yake; maua na mwandiko vililowa katika maji machafu.

Lieve aliinua bastola.

"Umewakata?"

"Punguza munkari, dada." Wuyts alisimama kwenye mlango wa gatini. "Nani ananunua ukurasa mzima siku hizi? Mteja anataka nyani, nampa nyani."

"Kama nyama buchani."

"Ndiyo biashara, mrembo. Weka bastola chini, au wanyama wote wanazama!"

Akalining'iniza begi juu ya maji.

Lieve aliutazama mkanda wa begi. Wuyts alikuwa ameuzungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono. Mwenye nia ya kutupa hafungi hivyo.

Akafyatua.

Wuyts alianguka ndani, juu ya maganda yaliyotapakaa sakafuni, akishika paja. Begi lilibaki mkononi mwake, kavu.

"Beba simba, uniachie, dada," alihema. "Nani atajua?"

"Nyamaza. Unanuka."

Akamtia pingu, akalichukua begi, akabonyeza redio.

"Mkuu, wanyama wote ninao. Kurasa ziko ndooni. Tuma mafundi wenye mikono safi."

"Na Wuyts?"

"Tuma wazoa taka."

Polisi walipofika, aliwakabidhi begi, akanawa mikono bombani. Akainusa. Akanawa tena.

Kisha akainua kola ya koti, akaondoka bila kugeuka.