Hita Iliyowashwa Kavu

Kanyiva alifika Eastleigh na sare ya kliniki, sketi ya buluu iliyombana vizuri, na leso shingoni kwa sababu ya baridi ya Julai. Mwajiri wake, Dakta Muthama, daktari wa meno kule Komarock, alikuwa na tangi la samaki mahali pa kungojea, ili watoto watazame na wasahau sindano. Hita ya tangi ilikuwa imekufa. "Niletee nyingine," alimwambia Kanyiva, "ya kutegemewa, na isiwe ghali. Samaki wangu wakifa, ujitafutie kazi kwingine." Dakta Muthama hakuwa mtu wa utani.

Kwenye kibanda cha mama mmoja aitwaye Batulo, ndani ya jumba moja la maduka, pasi na taa zilibanana hadi darini. Hita zilikuwa aina tatu. Kanyiva akashika ya bei ya chini.

"Hiyo acha," sauti ikasema nyuma yake. "Haina kidhibiti joto. Itakupikia supu."

Aligeuka. Kijana mrefu, koti la ngozi la kahawia, viatu vimeng'arishwa kupita kiasi, na tabasamu la mtu anayejua kwamba tabasamu lake linauzika.

"Na wewe ni nani? Mwenye duka?"

"Naitwa Phares. Nafuga samaki kwangu Umoja. Tangi lako ni la lita ngapi?"

"Mia."

"Wati mia zinakutosha. Chukua hii ya kati. Unazungusha hapa juu, unaweka ishirini na tano, maji yakifika hapo inajizima. Ile ghali unalipia boksi tu."

"Kumbe samaki wana wakili."

"Samaki hawanijibu vibaya kama warembo wa Komarock."

"Nani kakwambia natoka Komarock?"

"Imeandikwa kifuani mwako. Nisamehe kwa kusoma."

Kanyiva akacheka, akaona haya kwa kucheka upesi hivyo. Batulo tayari alikuwa anafunga boksi. Lakini Kanyiva ni mtu wa Nairobi, na mtu wa Nairobi habebi kitu cha stima bila kukiona kikiwaka.

"Nitestie kwanza, mama. Sitoki hapa bila kuona."

Batulo akaichomeka kwenye soketi ya kaunta. Taa nyekundu ikawaka, kioo kikapata moto. Ili ipoe upesi irudi kwenye boksi, mama wa watu akaitumbukiza kwenye gilasi yake ya maji ya kunywa. Ikalia chwaa! Phares akafungua mdomo, kisha akaufunga. Kanyiva alidhani ni haya ya mwanamume aliyeishiwa maneno, na hilo lilimpendeza kuliko tabasamu.

Phares akaandika namba yake juu ya boksi. "Ikisumbua, nipigie. Hata isiposumbua."

Kanyiva hakumpigia. Alitamani sana, lakini msichana ana heshima yake. Hita ilifanya kazi siku chache, kisha maji yakaingia ndani ya kioo na ikazimika, baridi ikiwa imechachamaa. Asubuhi alikuta samaki wote wakielea ubavu. Dakta Muthama alimfuta kazi palepale, wagonjwa wakisikiliza. Ndipo akajifungia chooni na kupiga simu.

"Phares? Ni yule wa hita."

"Nilijua utapiga! Mbona unalia? Usilie, mpenzi, nakuja."

Mpenzi! Na Phares alikuwa hata hajalijua jina lake Kanyiva.

Walirudi pamoja kwa Batulo. Kanyiva, kwa uchungu wa kazi yake, alimwita mama huyo mwizi mbele ya watu, na Phares akasimama kando amemshikia mkoba, akitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Dada, si wewe ulisema nitest?" Batulo alisema. "Kila mtu hutaka kutestiwa. Mimi sikujua itaharibika!"

"Mwongo mkubwa! Mnauzia watu takataka!"

Majirani walitoka kutazama, na wateja wakaanza kumpita. Haukupita muda kibanda kile kikawa cha mtu mwingine, anauza mapazia.

Mapenzi nayo yalinoga. Kanyiva alipata kibarua cha kushona shanga kwenye viatu vya ngozi pale Kariokor, vidole vikimuuma, na Phares alimpigia kila asubuhi.

"Malkia wa lita mia, umeamka?"

"Nimeamka, supu yangu."

Nimepoteza kazi, nimepata mtu, alijiambia, na aliamini.

Jumapili moja Phares akampeleka kwa mama yake. Kanyiva alisuka nywele upya, akavaa gauni la kitenge la kijani. Kulikuwa na ugali, kuku, na binamu aitwaye Frankline, mwenye mdomo usio na mlango.

"Kumbe ndiye huyu wa hita!" Frankline alishangilia. "Shem, huyu jamaa alirudi siku ile akicheka. Akasema, 'Nimepata manzi. Hita yake imewashwa kavu, halafu ikatiwa kwa maji baridi. Kioo lazima kimepasuka. Ngojeni tu, atanipigia.' Na kweli ukapiga!"

Wote wakacheka, hata mama. Kanyiva alimtazama Phares, akimwomba kwa macho akanushe. Phares alilamba kidole.

"Si mpango ulifaulu, malkia?"

Kanyiva naye akacheka, maana hakujua afanye nini kingine. Akanawa mikono, akamshukuru mama kwa chakula, akatoka. Phares akamfuata hadi langoni.

"Ulijua."

"Babe, ni samaki tu."

"Nilifutwa kazi ukijua. Nilimtukana yule mama umenishikia mkoba, ukijua."

"Nilikupenda, Kanyiva. Ningekupata vipi?"

"Ungesema, 'Mama, usiitie kwenye maji, itapasuka.' Hayo tu. Mimi mjinga nilikuwa nimeshakupenda."

Phares akatoa pete mfukoni. Ilikuwa nzuri. "Nilitaka kukupa mbele ya mama. Twende tumtafute Batulo, nimwombe radhi."

"Tutampata wapi?"

Phares akaifumbata pete. "Basi nisamehe."

Kanyiva alimtazama. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini sikutaki, supu yangu."

Akaondoka. Nyuma yake alimsikia Phares akicheka, akidhani ni utani wao wa kila siku, na aliendelea kumsikia mpaka alipokata kona.