Kifuniko cha Soda Kichwani mwa Nyamusi

Mambo yaliharibika Jumapili, tarehe tisa Machi, 2025. Onsongo alikuwa akikata ndizi nyuma ya nyumba yake, Magwagwa. Binti yake Nyamusi alirudi kutoka kwa msusi mapema mno, kitambaa kichwani.

"Aketch amekataa kunisuka, Tata. Ameona upara utosini. Ameupima kwa kifuniko cha soda, ukatoshana nacho. Anasema niende kwa daktari wa ngozi."

Onsongo aliweka panga chini. Mkewe alikufa baada ya zahanati kumpa panadol na kumwambia aende nyumbani. Tangu hapo hakumwamini mtu. Na huyu Aketch, mtu wa kutoka ziwani, kila jioni alifagia nywele za wateja akazitia kwenye mfuko. Alizipeleka wapi?

"Amechukua nywele zako," alisema. "Usikanyage kwake tena."

Zahanati ilimpa Nyamusi dawa ya mashilingi, yaani mapunye. Akapaka Aprili, Mei, Juni. Kichwa kilizidi kuwaka kama kimetiwa pilipili. Wachuma chai wenzake walianza kunong'ona.

Julai, Onsongo alimfuata Aketch kazini, Nyamusi nyuma yake.

"Nywele za mtoto wangu ziko wapi?"

"Shimoni, Mzee, pamoja na za mke wa pasta," alisema Aketch, mikono ikiendelea kusuka. "Ningekuwa na uchawi, ningesimama hapa tangu asubuhi mpaka miguu ivimbe?"

Wateja walicheka. Aketch akamvua Nyamusi kitambaa polepole, akaweka kile kifuniko. Upara ulikuwa umekipita kwa upana wa vidole viwili. Akaupiga picha kwa simu, akaivuta ikawa kubwa.

"Angalia, Mzee. Mashilingi mara nyingi huacha magamba na nywele zilizokatika. Hapa ngozi inang'aa, matundu ya nywele yamezibika. Dada yangu alikuwa hivi. Mwili wenyewe unachoma mizizi ya nywele. Pakishakuwa kovu, hazioti tena. Mtaokoa zilizobaki tu, na mkichelewa hamtaokoa kitu."

Kesho yake Onsongo alimpeleka Nyamusi Kisii.

Daktari wa ngozi alitia ganzi ili atoe kipande kidogo cha ngozi, kipimwe. Onsongo akasimama.

"Mbona unakata penye nywele? Upara si uko katikati?"

"Katikati moto umeshazima, mzee. Unawaka pembeni. Huko ndiko tutajua ni ugonjwa gani."

Majibu yalikuwa kama alivyosema Aketch. Ugonjwa hauambukizi, wala si wa kurogwa. Nyamusi alidungwa sindano ndogo ndogo kichwani kila mwezi, akapewa vidonge na dawa ya kupaka. Aliambiwa asisuke kwa kukaza, asitie dawa za kulainisha nywele. Onsongo alikagua kila kidonge kabla hakijamezwa, maana hata mfamasia hakumwamini.

Desemba, kichwa hakikuwaka tena. Aketch alipima. Vidole viwili, vile vile, havikuongezeka. Akamsuka mabutu mapana, yasiyovuta, yakafunika upara.

Jumatatu iliyofuata Onsongo alipanga makopo matatu matupu ya dawa ya mashilingi juu ya meza ya zahanati.

"Miezi mitatu," alisema. "Kuna mtu yeyote aliyemvua mtoto huyu kitambaa akamtazama kichwa?"

Mhudumu alifungua daftari, akalifunga. Mlangoni, Nyamusi alikuwa akimwangalia baba yake, ambaye naye hakuwa amemvua kitambaa hata siku moja.

"Nauliza," alisema Onsongo, sauti imeshuka. "Ni nani alimtazama?"